Karata Alizozilalia Mheshimiwa

Kila anayeingia dukani kwangu huanza kwa kuniambia kwamba yeye si kama wengine. Halafu huchagua walichochagua wengine. Nimekaa nyuma ya meza hii tangu siku nisiyoikumbuka, pengine tangu kabla sijazaliwa, kwa sababu katika jiji hili siku hazifuatani kama zinavyofuatana kwingine. Huku yupo Mwulizaji, ambaye husimama kwenye ngazi za Ukumbi na kutangaza kwamba leo ni leo, na asipotangaza tunabaki jana, tukila chakula kilekile na kugombana ugomvi uleule. Lakini iwe jana au leo, mteja ni yuleyule. Anashika karata kwa ncha za vidole, anafumba macho, anasema anasikia kitu. Mimi namwacha asikie.

Nauza karata za kutabiri. Zile za kuchezea, zenye kopa na shupaza, watu wa hapa walizitupa zamani, kwa sababu katika zile mtu aliweza kushinda. Katika hizi zangu hashindi mtu. Zina vikombe na panga, fimbo na sarafu, na juu ya hizo wamo wale wakubwa: Mfalme, Jua, Mnara, Mpumbavu, Mauti, Mtundikwa. Zinachanganywa, inafunuliwa moja, na mtu anaambiwa yeye ni nani. Ukiwa umeamka asubuhi fundi cherehani, ukafunuliwa Mfalme, jioni watu wanakuinamia na hakuna tena anayekumbuka kwamba uliwahi kushika sindano, hata wewe mwenyewe. Tunaita jambo hili uhuru. Tunaliita hivyo kwa sababu kila mtu nyumbani kwake ana karata zake, na alizichagua mwenyewe, kwa ladha yake.

Ladha. Hebu tulishike hili neno tuligeuze. Mtu anachagua nini hasa anapochagua? Wapo wanaosoma picha. Hawa wanataka karata zenye mambo mengi, ndege kwenye tawi, mbwa anayebweka, mlima nyuma ya mlima, ili wakikwama waeleze habari za mbwa. Wapo wanaosoma kwa kukariri, nao nawapa karata kavu ambazo vikombe vitatu ni vikombe vitatu, na wanaondoka wamevimba kifua wakidhani ukavu ni hekima. Wapo wanaosoma uso wa mteja, na hao ndio wengi, kwao karata ni kitu cha kushughulisha mikono tu. Mama mmoja alitaka zinazofanana na mapazia yake. Bwana mmoja alitaka seti isiyo na Mauti. Nikaitoa Mauti mbele ya macho yake, akanishukuru sana, akafa njiani akirudi kwake, na waliomwona wanasema alikuwa na furaha.

Ukubwa nao unasema mengi. Karata kubwa ni za wanaopenda kutazamwa. Karata ndogo ni za wanaoficha; zinakaa zote ndani ya kiganja, na mwenye kuzisoma anaweza kubadili hii na ile wewe ukipepesa jicho tu. Wenye kupenda kutazamwa nawacheka. Wenye kuomba karata ndogo sijawahi kumheshimu hata mmoja.

Lakini ziwe kubwa au ndogo, kavu au zenye mbwa, karata zote za jiji letu hazina nyuso. Mchoraji anachora taji, joho, mikono, hata kucha, na akifika kwenye uso anaacha mahali patupu, peupe kama ganda la yai. Ndiyo desturi. Mtu akiitwa Ukumbini anakaa kwenye Kiti mbele ya watu wote, Msomaji Mkuu anafunua karata moja na kuiinua juu, na Mwulizaji anauliza swali ambalo ndilo kazi yake yote duniani: "Uso wa nani?" Watu wanajibu kwa jina la aliyekaa kwenye Kiti. Jina likishatamkwa, uso wake unajitokeza pale palipokuwa patupu, na karata inakuwa yake. Sheria tuliyonayo ni hiyo moja. Anayeonekana kwenye karata ndiye mwenye karata.

Na ndiyo sababu karata mpya haitoki dukani kwangu kabla ya kuzikwa kwenye chumvi siku nzima. Karata isiyoonja chumvi ina kiu. Ukiilalia chini ya mto, inakunywa uso wako.

Baba yetu alifunuliwa Mtundikwa. Anayepewa karata hiyo hufungwa mguu mmoja na kuning'inizwa kwenye tao la lango la jiji, kichwa chini, mpaka jiji zima limsahau jina. Siku watu watakapolisahau, kamba inajifungua yenyewe na anashuka, mzima wa afya, akiwa si mtu yeyote. Hao wasio mtu ndio wanaofagia Ukumbi. Baba anafagia upande wa mlango mkubwa. Nikipita ananisogezea ufagio nisikanyage vumbi, ananiambia, "Karibu, mama," kama anavyomwambia kila mwanamke, nami namjibu, "Ahsante, mzee," kwa sababu jina lake silijui. Nilijitahidi nisilisahau. Nililirudia nikipika, nililirudia nikioga, na asubuhi moja nikafungua kinywa nikakuta hakuna kitu. Naumia kila ninapopita pale. Nasema naumia, na naendelea kupita, kwa kuwa hakuna mlango mwingine.

Basi nilikuwa nimebakiwa na mdogo wangu, Shaweji. Na Shaweji alicheka.

Alicheka Ukumbini, mbele ya watu wote, siku Bi Ruzuna alipomfunulia mwizi wa kuku karata ya Mfalme. Bi Ruzuna ndiye aliyekuwa Msomaji Mkuu, bibi mwenye mikono midogo na karata ndogo, ambazo alizisoma mpaka kingo zake zikalainika kama kanga kuukuu. Kila moja aliijua kwa kidole gumba bila kuitazama. Jiji zima liliita ile hatima, kumbe ni kidole gumba cha bibi mmoja, na mimi nilijua na sikusema, maana nani angenisikiliza? Shaweji naye alijua. Tofauti ni kwamba yeye alishindwa kujizuia. Alicheka kicheko kile cha kwetu, cha kuanzia tumboni, watu wakageuka, na Bi Ruzuna akamtazama kwa upole akasema zamu ya huyu kijana ni Ijumaa. Kisha, kabla Ijumaa haijatangazwa, bibi akafa.

Unadhani watu walifurahi? Walichanganyikiwa. Walizunguka Ukumbi wakiulizana nani sasa atawaambia wao ni nani, na wazo la kukaa hivi hivi tu, kila mtu akiwa yule aliyeamka naye, halikumpata hata mmoja. Walilichukua joho la marehemu wakalipitisha kwa wanaume, likawapwaya hawa na kuwabana wale, mpaka likamfika bwana mmoja aitwaye Ngwali. Kazi yake ilikuwa kusimama sokoni na kutoa maoni. Likamtosha. Wakashangilia, wakamwita Mheshimiwa, na desturi ikataka Msomaji mpya awe na karata mpya. Za marehemu zikatupwa kwenye shimo alimozikwa.

Alikuja dukani kwangu peke yake, akasimama mlangoni kwanza ili nipate nafasi ya kumwona.

"Wewe ndiye Bi Zamda?"

"Ndiye mimi, Mheshimiwa. Karibu."

"Nimeambiwa unajua kuchagua. Mimi, nikuambie ukweli, si kama wengine."

"Naona, Mheshimiwa."

Nilimkalisha nikamuuliza maswali ninayomuuliza kila mtu. Nilimuuliza yeye akisoma hutazama nini kwanza, picha au mtu aliyekaa mbele yake.

"Natazama watu wananitazamaje," alisema.

"Na karata ikifunuliwa, unasubiri ikujie maana, au maana unayo tayari?"

Alicheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa kama anajua kutembea. "Bi Zamda, mtu mzima anaingiaje Ukumbini bila kujua atasema nini? Maana ninayo kabla sijatoka nyumbani. Karata inakuja kunithibitishia."

"Basi tumeshajua namna yako ya kusoma. Tuangalie ladha."

Nikamwonyesha. Zile za mbwa na milima akasema zina kelele. Zile kavu akasema zinamkumbusha shule. Za giza, ambazo vijana wanazipenda kwa sababu wanadhani weusi ni kina, alizifunika haraka kwa kiganja. Kila seti aliyoikataa ilikuwa na kosa moja, nalo ni kwamba haikuwa na habari zake. Nimeuza karata kwa watu wengi wajinga, lakini ujinga wa wengi una mlango fulani wa kuingilia, mtu anaogopa, au amefiwa, au anapenda mtu asiyempenda. Ngwali hakuwa na mlango. Alikuwa ukuta uliopakwa rangi.

Akiwa bado anapekua, akaniambia bila kuinua macho, "Ijumaa naanza na yule kijana aliyecheka. Shaweji. Nasikia ni kaka yako?"

"Mdogo wangu."

"Pole sana. Itabidi apate Mtundikwa. Unaelewa? Sina ugomvi naye, hata simjui. Lakini aliyemcheka Msomaji aliyepita atamcheka na huyu aliyepo, na mimi kuchekwa sikuwezi, napata kiungulia." Akageuza karata nyingine. "Hebu nionyeshe zenye kingo za dhahabu."

Nilimletea zenye kingo za dhahabu. Mikono yangu ilikuwa imetulia, na nilishangaa kwamba imetulia. Ndani nilikuwa namchukia kwa namna safi kabisa, isiyo na haraka, kama mtu anavyochambua mchele.

Hizo alizipenda. Zilikuwa kubwa, karatasi nzito, dhahabu imetembea pembeni kote, na zilikuwa zimetoka kwa mchoraji asubuhi ileile. Alizitandaza mezani akarudi nyuma hatua, akakunja uso.

"Mbona hawana nyuso?"

"Desturi, Mheshimiwa."

"Naijua desturi. Nasema kwa macho ya mtu mwenye ladha. Tazama huyu Mfalme, joho zuri namna hii, halafu juu yai! Mimi nitasimamaje mbele ya watu nimeinua mayai?"

"Ungependa wawe na uso wa nani?"

Lilikuwa swali la Ukumbini. Nililisema polepole, neno kwa neno, na nadhani mtu mwingine yeyote angeshtuka. Ngwali aligeukia kioo cha kabati langu. Akashika kidevu chake, akakielekeza kwenye mwanga.

"Uso mzuri," alisema. "Wa mtu wa heshima. Si lazima awe mtu fulani."

"Zipo njia," nikamwambia. "Karata hizi bado hazijaingia kwenye chumvi. Usiku wa leo zilalie. Ziweke chini ya mto, upande unaoulalia, na kesho zitakuwa zimekujua. Wasomaji makini wa miji mingine wote wanafanya hivyo, wanasema karata isiyomjua mwenyewe haisemi."

Hakuna neno la uongo hapo. Nilimpa mteja anachokipenda, kulingana na namna yake ya kusoma. Ningekuwa nimemdanganya kama ningempa kitu kingine.

Alirudi asubuhi amechangamka kama bwana harusi. Alinifunulia moja moja, akilamba kidole. Kila karata, kuanzia mtumishi wa sarafu mpaka Mfalme, ilikuwa na uso wa Ngwali, ule ule, mashavu yale yale, na jicho la kushoto limefinywa kidogo kwa sababu upande huo ndio aliolalia. Ngwali Jua. Ngwali Mwezi. Ngwali Malkia, amevaa hereni. Ngwali Mpumbavu, anatembea ukingoni mwa genge huku akitazama juu, na mwenyewe akasema, "Hata huyu amependeza." Kwenye Mauti aliona meno yake yametoka vizuri. Alipofika kwenye Mtundikwa aliigeuza karata juu chini ili ajione sawasawa.

"Huyu ndiye wa mdogo wako," alisema.

"Ndiye."

"Nimetoka vizuri hapa. Pua imekaa." Kisha akaikunja pembe kidogo kwa ukucha, dhahabu ikabanduka, apate kuijua kwa nyuma atakapoihitaji. "Wasomaji wa zamani walipoteza maisha yao kujifunza kwa kidole," alisema. "Kumbe ni ukucha tu."

Nilimtazama nikingoja. Nilimpa muda wote ambao mwanadamu anahitaji kufikiri. Pale mbele yake palikuwa na picha yake mwenyewe, amefungwa mguu, kichwa chini, na sheria pekee ya jiji alikuwa anaijua tangu utotoni, na vitu hivyo viwili vilikaa kichwani mwake bila kusalimiana. Sheria kwake ilikuwa kitu kinachotazama upande mmoja, upande wa Kiti. Yeye alikuwa anakwenda kusimama upande wa pili.

Akanishukuru. Akatoka. Nje nilisikia Mwulizaji akitangaza kwamba leo ni Ijumaa.

*

Ukumbi ulijaa. Hujaa daima mtu akipotezwa. Kwa mambo mengine watu wana shughuli. Walikuja na mito ya kukalia na maandazi, na waliniachia nafasi mbele kwa heshima ile wanayompa ndugu wa marehemu. Niliwatazama nikiwaza kwamba hawa ndio jiji, hawa ndio watakaomsahau Shaweji, watafanya hivyo bila chuki yoyote, wakimenya machungwa.

Wasio mtu walimaliza kufagia wakasimama ukutani. Baba alikuwa miongoni mwao, ameshika ufagio wima.

Shaweji aliletwa akakalishwa kwenye Kiti. Alikuwa amekonda. Alinitafuta kwa macho, akanipata, akatikisa kichwa taratibu, maana yake nisilie. Alidhani nakaribia kulia. Mdogo wangu huyu, nilimdharau na yeye pia kidogo, nitasema ukweli wote: kwa nini ucheke mahali ambapo kila mtu anaweza kukuona? Mimi nimewacheka maisha yangu yote, kimya, nyuma ya meza, na sijawahi kukalishwa popote.

Mwulizaji wetu anaitwa Mzee Kijoli. Ni mzee mrefu, mkavu, ambaye ameuliza swali moja tangu ujana na halijawahi kumchosha. Akagonga fimbo chini. Mheshimiwa Ngwali akaingia na joho, akasimama kwanza, akageuka kushoto, akageuka kulia. Akachanganya karata hewani, dhahabu ikimetameta, watu wakasema "Aaa." Akapapasa kwa ukucha. Akachomoa moja na kuiinua juu kabisa, mkono umenyooka, kidevu juu.

Ilikuwa Mtundikwa.

"Uso wa nani?" akauliza Mzee Kijoli.

Baadhi walikuwa wameshaanza, kwa mazoea, "Wa Sha...", na sauti zikawafia kooni. Mama mmoja wa safu ya mbele, mwenye mtoto mgongoni, akainama mbele akakaza macho.

"Jamani," alisema, "mbona huyo ni Mheshimiwa?"

Mnong'ono ukapita kutoka mbele hadi mlangoni, ukarudi. Ngwali alikuwa bado ameinua mkono, anatabasamu, akidhani wanamsifu.

"Uso wa nani?" Mzee Kijoli akauliza tena.

"Wa Ngwali," mtu mmoja akasema.

Hapo ndipo alipoitazama. Nilimwona akiitazama, na nilimwona akielewa, na niliona kwamba kuelewa kulimuumiza zaidi ya hofu, maana hakuwa amezoea.

"Hii ni sanaa tu," alisema. "Ni pambo, ndugu zangu. Aliyekaa kwenye Kiti si mimi, mnamwona aliyekaa."

"Mheshimiwa," alisema Mzee Kijoli, kwa adabu kabisa, "sikuuliza aliyekaa. Nimeuliza uso."

Basi akafanya kile ambacho mtu wa namna yake hufanya. Akafunua nyingine, kuthibitisha kwamba ile ilikuwa bahati mbaya. Mpumbavu. "Wa Ngwali!" watu wakaitika, sasa kwa sauti moja, na wengine wameanza kuufurahia mchezo. Akafunua nyingine, Mauti. "Wa Ngwali!" Akafunua Mnara, akafunua panga tisa, akafunua haraka haraka mpaka karata zikamwagika miguuni, zote zinamtazama kwa jicho moja lililofinywa, na kila moja Ukumbi uliipokea kwa jina lake. Nadhani kwa kitambo kidogo alikuwa mwenye furaha. Hakuna mtu katika jiji letu aliyewahi kuwa kila kitu.

"Ya kwanza ndiyo karata," alisema Mzee Kijoli, na akagonga fimbo.

Wakamvua joho, wakampeleka langoni. Sikwenda, lakini niliambiwa kwamba hata kamba ilipokuwa inavutwa aliwaomba waliosimama kushoto wasogee kulia, maana ule haukuwa upande wake mzuri. Nilifurahi. Sioni sababu ya kuficha. Nilisikia furaha ikipanda kutoka tumboni, mahali kile kicheko cha kwetu kinapoanzia, nami nikaifunga mdomo.

Shaweji aliinuka kwenye Kiti bila kuambiwa. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemtazama. Akaja akanishika mikono yote miwili.

"Dada, twende nyumbani."

"Twende," nilisema.

Na tungekwenda. Mlango ulikuwa wazi. Lakini watu walikuwa wameanza kurudi kutoka langoni, wakipangusa mikono, na tayari nilisikia mmoja akimuuliza mwenzake yule bwana wa leo alikuwa anaitwa nani vile. Walikaa chini. Walitazama jukwaa, ambapo hapakuwa na mtu. Niliiona ile hofu ikirudi kwenye nyuso zao, hofu ya ng'ombe walioachiwa zizi wazi, na nikawadharau kuliko nilivyopata kumdharau Ngwali, kwa sababu Ngwali alikuwa mmoja.

"Aliyezichagua zile karata ni nani?" akauliza Mzee Kijoli. Lilikuwa swali jipya kwake, na alilitoa kwa shida.

"Bi Zamda," wakasema. "Yule pale. Bi Zamda ndiye anayezijua."

Mmoja wa wasio mtu alijitenga na ukuta, akaegesha ufagio, akaokota joho lililoachwa sakafuni, akalikung'uta vumbi. Alikuja nalo polepole mpaka nilipo. Alikuwa baba. Alinizungushia mabegani, akanirekebisha ukosi kwa vidole vyake, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo ninakwenda shule, ila sasa macho yake hayakuwa yananijua.

"Karibu, mama," alisema.

Joho lilikuwa bado na joto la Ngwali. Lilinitosha.

"Sema hutaki," Shaweji aliniambia sikioni. "Dada. Sema tu hutaki, tuondoke. Mimi sijali kuwa nani."

Nilitaka kusema sitaki. Neno lilikuwepo, lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilikuwa namtazama baba akirudi ukutani kuchukua ufagio wake, na nikawaza kwamba Msomaji mwenye akili, Msomaji asiye mjinga, angeweza kumwita mzee yule akae kwenye Kiti, na angeweza kumfunulia kitu chema, akawa mtu tena. Na mwizi asingekuwa Mfalme. Na atakayecheka ningemwacha acheke. Nitasoma kwa haki, nilijiambia, ila haki nayo inahitaji kujua karata gani ipo wapi. Huwezi kuiachia bahati jambo zito kama hilo. Si mbele ya watu kama hawa.

"Bi Zamda," alisema Mzee Kijoli, na Ukumbi mzima ukainama kunisikiliza, "wewe unapenda karata za namna gani?"

Nimewauliza watu swali hilo maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Nilidhani nitahitaji kufikiri.

"Ndogo," nilisema. "Zitoshe kiganja."

Kisha nikamgeukia Shaweji, nikamngojea acheke. Hakucheka.